Seva ikiwaka na tarehe ya zamani: rekebisha saa kabla databesi haijaamka

Mkuu, umesema umeme ukikatika seva yenu ya malipo inawaka na tarehe ya 2019, na umeuliza kama ntpdate (amri ya kusahihisha saa kupitia mtandao) kwenye crontab (ratiba ya kazi za kujirudia) kila dakika 10 inatosha. Haitoshi. Mpaka cron ifike zamu yake, PostgreSQL, databesi yenu, imeshapokea miamala na kuiandikia tarehe ya 2019, halafu saa inaruka ghafla huduma zikiwa hewani. Kuruka mbele kuna nafuu. Ikirudi nyuma, muamala wa pili unaonekana umetangulia wa kwanza, na mtu wa hesabu hatakuelewa.

Kwenye seva ninazosimamia nashika kanuni moja: saa iruhusiwe kuruka mwanzoni tu, kabla huduma hazijaanza. Baada ya hapo isogezwe taratibu.

Futa hiyo cron, weka chrony, programu inayolinganisha saa ya seva na vyanzo vya saa mtandaoni. Kwenye chrony.conf andika `makestep 1.0 3`, yaani pengo likizidi sekunde 1 saa iruke, lakini katika masahihisho 3 ya kwanza tu. Ongeza `rtcsync` ili saa ya ubao (RTC, inayotembea hata seva ikiwa imezimwa) nayo isahihishwe.

Kisha washa chrony-wait.service, inayosubiri mpaka saa iwe sahihi, na kwenye huduma ya databesi weka `After=time-sync.target`. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo pana mtego: After hupanga foleni tu. Intaneti isipopatikana, chrony-wait hungoja dakika 3, inashindwa, na databesi inawaka vilevile na tarehe mbovu. Ongeza `Requires=chrony-wait.service`, ili chrony-wait ikishindwa databesi nayo isiwake. Ndiyo, siku hiyo databesi itagoma kuwaka na simu zitapigwa. Kwa mfumo wa pesa mimi nachagua simu.

Usalama nao usiusahau. Wakati wa kuwaka seva inakubali pengo la ukubwa wowote, kwa hiyo chanzo kimoja kikidanganya kinaipeleka kokote, hata kwenye siku ambayo cheti cha TLS (cha kulinda mawasiliano) kilichokwisha muda kinaonekana bado kizima. Weka vyanzo 4 vya saa na `minsources 2`, yaani saa isiguswe mpaka vyanzo angalau 2 vifae. Angalau viwili kati ya hivyo viandikwe kwa IP, kimojawapo kiwe ndani ya mtandao wenu, kwa sababu DNS (inayogeuza majina kuwa IP) yenye DNSSEC (ulinzi wa sahihi za kidijitali) hukagua tarehe za sahihi: saa ikiwa mbovu, jina halitafsiriki, na jina lisipotafsirika saa haipatikani.

Hiyo 2019 yenyewe inanionyesha betri ya CMOS, inayolisha saa ya ubao, imekufa. Kwenye bodi nyingi ni CR2032, badilisha leo.

Na ukikuta seva nyingine imepishana saa 3 kamili, shuku kwanza majira kabla ya kuhangaika na NTP (usawazishaji wa saa kwa mtandao). Huenda saa ya ubao inachanganywa kati ya majira yetu na UTC (saa ya kimataifa). Angalia `timedatectl`, mstari wa RTC in local TZ ukisema yes, hakikisha saa ya mfumo ni sahihi, kisha piga `timedatectl set-local-rtc 0`.