Je, watu wa Odin waliishi kwa umoja kuliko sisi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimevutiwa na watu wa Ulaya Kaskazini wanaorudia dini ya kale ya miungu Odin na Thor. Wanasema zamani watu walikula pamoja, waliwakumbuka wafu wao, na hakuna aliyeachwa peke yake. Mimi naishi ghorofani, jirani wa mlango wa pili simjui hata jina, na nikiwasikiliza moyo unanivuta. Ni kweli waliishi hivyo? Na vikundi vyao vya leo vinaaminika?
Mpweke wa Ghorofani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kula pamoja walikula kweli. Snorri Sturluson, mwandishi wa Iceland wa karne ya 13, anasimulia jinsi matambiko yalivyofanyika Lade, nchini Norwei. Wakulima wote walifika na chakula chao wenyewe. Walichinja mifugo, farasi wakiwemo; damu ikanyunyizwa kwa vitawi kwenye kuta na juu ya watu, nyama ikatokota katika masufuria yaliyoning'inia juu ya moto katikati ya ukumbi. Walinywa kwanza kwa ajili ya Odin, wakimwombea mfalme ushindi, kisha kwa miungu Njord na Frey, wakiomba mavuno na amani. Baadaye wakawanywea jamaa zao waliolala makaburini. Snorri alikuwa Mkristo na aliandika zaidi ya miaka 200 baada ya mambo hayo, kwa hiyo tumsome kwa tahadhari. Lakini hapo kwenye kuwanywea wafu ndipo ninapokuelewa hasa.

Sasa endelea na masimulizi yayo hayo. Mfalme Hákon alilelewa Uingereza katika Ukristo. Aliporudi kutawala Norwei, wakulima walimtaka ale nyama ya farasi pamoja nao. Akakataa. Wakamwambia basi anywe mchuzi; akakataa. Basi alambe hata mafuta. Akakataa tena, nusura wamvamie. Sigurd, rafiki yake mwenye cheo cha jarl, yaani mtawala aliye chini ya mfalme, akamwombea suluhu: mfalme aweke kinywa juu ya mpini wa sufuria uliopakaa mafuta kutokana na mvuke wa nyama. Hákon akauzungushia kitambaa cha kitani kwanza, ndipo akauinamia. Hakuna upande ulioridhika. Sikukuu ya majira ya baridi iliyofuata, huko Mære, walimbana mpaka akala vipande vya ini la farasi.

Huo ndio umoja wenyewe, mwanangu. Ulikuwa na joto, na ulikuwa na mkono mzito. Kama mfalme alishikwa hivyo, fikiria kijana asiye na ukoo. Na usisahau kwamba katika mashamba hayo walikuwamo watumwa. Sidhani kama wanaoimba sifa za zamani huwa wanajiona katika nafasi yao.

Kuhusu kutoachwa peke yake, kuna jambo ninalolipenda kuliko pembe zote za kunywea. Sheria za kale za Iceland, zilizokusanywa kwa jina la Grágás, ziliwagawa wakulima katika jumuiya za majirani, kila moja ikiwa na wakulima wasiopungua 20. Ukipoteza robo ya ng'ombe wako kwa ugonjwa, majirani walilazimika kukufidia nusu ya hasara. Nyumba ikiungua, vivyo hivyo. Kila mmoja alijua kiwango cha juu atakachotozwa, na maskini walikuwa na mahali pa kulishwa. Zingatia kwamba sheria hizo ziliandikwa Iceland ikiwa tayari ya Kikristo, maana iliupokea Ukristo karibu mwaka 1000 kwa uamuzi wa bunge la Þingvellir. Aliyeunguliwa na nyumba hakuhitaji Odin ili apate fidia. Alihitaji majirani waliofungwa na wajibu unaojulikana.

Vikundi vya leo havifanani. Iceland kipo Ásatrúarfélagið, kilichoanzishwa mwaka 1972 na Sveinbjörn Beinteinsson, mkulima wa kondoo na mshairi, kikatambuliwa na serikali mwaka uliofuata. Kinafungisha ndoa na kuzika wafu. Wanyama hakichinji, na kinawakataa wanaotaka kuitumia dini hiyo kwa ubaguzi. Hao sina neno nao. Ujerumani historia ni chungu: mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwapo walioifunga miungu hiyo na damu na rangi ya ngozi, na Wanazi wakachukua alama za runi, yaani herufi za kale za huko kaskazini, hadi kwenye nembo ya SS, kikosi chao cha kutisha. Fikra hizo hazijafa. Ukikaribia kikundi chochote, uliza kwanza nani haruhusiwi kuketi. Wakianza kukueleza habari za damu, ondoka siku hiyohiyo.

Wakikukaribisha vizuri, uliza la pili: mwenzao akiugua miezi mitatu, nani anampelekea chakula, na nani anamlipia kodi? Wakiwa na majibu yenye majina ya watu, kaa nao uwasikilize zaidi. Na swali hilohilo unaweza kumpelekea jirani wa mlango wa pili, ukishamuuliza jina.