Mafaili 40 ya Excel, macho yameisha

SWALI: Mambo mhariri, kila mwisho wa mwezi matawi yananitumia mafaili 40 ya risiti nalinganisha na orodha kuu mojamoja kwa macho, hamna njia ya mkato kweli?

JIBU: Pole ndugu, hiyo kazi ya punda. Kama Excel yako ni ya 2016 kuja juu, Power Query (kifaa cha kuvuta na kuunganisha data) imo humohumo, tupia mafaili yote folda moja halafu kwenye kichupo cha Data nenda Get Data, From File, From Folder, Combine, yanaungana yanakuwa jedwali moja (vichwa vya safu vifanane lakini!). Kisha Merge (kuoanisha majedwali mawili) na orodha kuu kwa namba ya risiti pamoja na kiasi, jedwali la matawi likiwa la kwanza, chagua Left Anti, inakubakishia risiti za matawi zisizo na mwenzake kwenye orodha kuu tu. Nafasi tupu mwishoni mwa namba ndo mchawi mkubwa, piga Trim (inafuta nafasi hizo) kwanza kabla ya Merge. Mwezi ujao unabadilisha mafaili, unabonyeza Refresh All.