Nunua triga inayoshusha na kupandisha nguvu ya flashi

Mtoto mdogo hawezi kukusubiri. Ukiacha kamera uende kushusha stendi, ubonyeze vitufe vya flashi nyuma ya softboksi (boksi la kitambaa la kulainisha mwanga), kisha urudi, ameshageuka anamtafuta mama yake. Kwa hiyo wenzangu wenye studio ndogo nawaambia hivi: mkinunua triga, yaani kifaa cha juu ya kamera kinachoamuru flashi bila waya, msichukue ile ya kufyatua flashi tu. Chukueni inayobadilisha nguvu yake ukiwa papo hapo kwenye kamera.

Mimi natumia Godox XPro. Triga na flashi huwasiliana kwa masafa ya 2.4 GHz, na lazima zote ziwe chaneli moja. Kila flashi naipa kundi, na herufi zangu hazibadiliki kamwe: A ni taa kuu, B ya kulainisha kivuli, C ya pazia la nyuma. Ukizoea hivyo, kidole kinajua pa kwenda.

Faida utaiona zaidi kwa maharusi. Shela jeupe linaungua upesi, yaani linatoka jeupe tupu pichani, huku suti nyeusi ikimeza mwanga wote. Naanza na A peke yake, B na C zimezimwa, naishusha kwa theluthi ya stopu (stopu moja ni kupunguza mwanga nusu au kuuongeza mara mbili) hadi mikunjo ya shela ionekane. Ndipo nawasha B na kuipandisha taratibu mpaka kola ya suti ijitenge na kifua. Pazia namalizia. Muda wote huo maharusi wamekumbatiana vilevile, hawajaona mtu akipitapita mbele yao.

Uwiano ukishakaa sawa, usiuvuruge. Ukitaka kufungua tundu la lenzi kutoka f/8 kwenda f/5.6, shusha makundi yote kwa pamoja stopu moja: iliyokuwa 1/4 ya nguvu yote iwe 1/8, ya 1/16 iwe 1/32. Vivuli vitabaki kama ulivyovipanga.

Ukumbini, mpiga picha mwingine mwenye vifaa vya aina hiyohiyo anaweza kufyatua taa zako. Badilisha chaneli, au weka namba ileile ya ID (utambulisho) kwenye triga na kwenye kila flashi.

Halafu kuna hili la kushusha nguvu ghafla. Kapasita, sehemu ya flashi inayohifadhi umeme, bado imebeba umeme wa mwanzo. Baadhi ya flashi huutoa zenyewe, nyingine hadi zifyatuliwe, na picha ya kwanza hutoka nyeupe mno. Bonyeza kitufe cha kujaribu mara moja kabla hujamwambia mteja atabasamu.