Trekta Kuteleza Mbugani

Swali: Ninapolima mbuga za mpunga wakati wa mvua, magurudumu ya nyuma ya trekta huzunguka bila kusogea. Je, niongeze uzito? – Msomaji, Igunga, Tabora

Jibu: Usianze na uzito, ndugu msomaji, kwa kuwa udongo mweusi wa mfinyanzi ukilowa hujaa kati ya meno ya tairi hadi likawa laini kama pipa, na uzito hulizamisha tu. Punguza upepo, bila kushuka chini ya kiwango cha mtengenezaji, ili tairi likanyage eneo pana. Kisha pima: chora alama ya chokaa ubavuni mwa tairi, uhesabu mizunguko 10 jembe likiwa juu na kupima umbali uliokwenda, halafu 10 ukilima; umbali ukishuka kutoka mita 40 hadi 34, mtelezo ni asilimia 15, nao unavumilika. Ukizidi sana, punguza kina cha jembe.