Milimita na inchi kwenye kipimo kimoja cha AutoCAD
Kuonyesha milimita na inchi pamoja kwenye kipimo kimoja cha AutoCAD, programu ya kuchora michoro kwa kompyuta, kunawezekana, tena bila kuandika inchi kwa mkono: andika amri ya DIMSTYLE (mtindo wa vipimo), bonyeza Modify, fungua kichupo cha Alternate Units, kisha weka tiki kwenye Display alternate units. Ikiwa mchoro ni wa milimita, kizidishi (namba inayozidishwa na kipimo ili kupata inchi) kiwe 0.03937, kwa kuwa inchi moja ni milimita 25.4 kamili, na ukuta wa 3000 utasomeka 3000 [118.11]. Ukichora kwa mita kizidishi hicho hakifai, weka 39.37. Mimi huacha desimali mbili upande wa inchi, maana fundi anayepima kwa inchi akipewa namba iliyofupishwa mno, fremu ya mlango inaweza kukataa kuingia.