Roboti ya biashara ikigoma, soma namba kabla ya kugusa kodi (code)

Kwa wadogo zetu wa Lubumbashi mnaoanza kuandika roboti na indiketa za MetaTrader 5, programu ya kufanyia biashara ya sarafu.

Roboti ikikataa kufungua oda, usikimbilie MetaEditor, pale unapoandikia kodi. Fungua kwanza Experts, kisha Journal, chini ya dirisha, usome namba iliyorudi kutoka kwa seva. Anayeanza hubadilisha mistari kumi kwa mpigo. Roboti ikianza kwenda, hajui ni mstari upi ulioiponya, na kesho tatizo likirudi hana pa kuanzia.

Namba hiyo lazima uichapishe mwenyewe. OrderSend, amri inayotuma oda, ikirudisha true, maana yake ni kwamba ombi limepita ukaguzi wa mwanzo tu, si kwamba biashara imefanyika. Kila baada ya OrderSend weka Print ya result.retcode. 10009 ni salama. 10027 ni kitufe cha Algo Trading kimezimwa, na hapo kodi haina kosa lolote. 10014 ni kiasi cha loti: umetuma 0.015 wakati hatua ya broka ni 0.01. Soma SYMBOL_VOLUME_MIN na SYMBOL_VOLUME_STEP, ukate loti ilingane nazo. 10030 ni namna ya kujaza oda: umeandika FOK (ijazwe yote au ifutwe) na alama ile, kama EURUSD, inakubali IOC (ijazwe inayopatikana, iliyobaki ifutwe) pekee, jibu liko kwenye SYMBOL_FILLING_MODE.

10016 ndiyo inayosumbua wengi, kwa hiyo tukae nayo kidogo. Ni SL (kikomo cha hasara) au TP (lengo la faida) iliyo karibu mno na bei, au iliyowekwa upande usiofaa. Kwa broka wa tarakimu tano, EURUSD huandikwa 1.08500, na pipsi moja ni pointi 10. Mtu anataka SL ya pipsi 20, anaandika 20*_Point, anapata pipsi 2. Sahihi ni 200*_Point, yaani 0.00200. Kisha kumbuka spredi, tofauti ya Ask (bei ya kununua) na Bid (bei ya kuuza): ukinunua, unaingia kwa Ask lakini SL inapimwa kwa Bid. Linganisha umbali huo na SYMBOL_TRADE_STOPS_LEVEL kabla ya kutuma, si baada ya kukataliwa.

Upande wa indiketa, waliozoea MQL4, lugha ya MetaTrader 4, hukwama kwenye iMA, indiketa ya wastani wa bei. Katika MQL5, lugha ya MetaTrader 5, haikupi bei, inakupa namba ya utambulisho (handle). Ukiona roboti inalinganisha bei na 10 au 11, kosa ni hilo. Iite iMA mara moja ndani ya OnInit (roboti inapoanza), na ndani ya OnTick (kila bei inapobadilika) uchukue thamani kwa CopyBuffer, ukihakikisha haijarudisha -1. Amua ishara kwa mshumaa namba 1, uliokwisha kufungwa. Mshumaa 0 bado unatembea, na ishara yake hutokea na kufutika; ndiyo sababu indiketa nyingi zinapendeza kwenye chati za zamani na kupoteza pesa leo. Ukiandikiwa "array out of range", namba mbili za kwenye mabano ni mstari na safu: nenda pale pale.

Sasa mambo ya kwetu. Lubumbashi tuko UTC+2 mwaka mzima. Seva za broka wengi ziko UTC+2 wakati wa baridi ya Ulaya, na UTC+3 kuanzia Machi. Kwa hiyo roboti iliyowekwa ifungue saa 10:00 ya seva huanza ghafla kufungua saa 9:00 kwa saa yako ya mkononi. Haijaharibika. Usitegemee TimeGMT kulithibitisha hilo kwenye kijaribio (Strategy Tester): humo inarudisha saa ile ile ya seva.

Kompyuta zetu nyingi ziko kwa Kifaransa. Excel inaandika 1,0850 na kutenganisha safu kwa nukta-mkato. StringToDouble inataka nukta. Ikikutana na mkato inaishia hapo, nawe unabaki na 1. Badilisha mkato kwa StringReplace kwanza, na ndani ya FileOpen taja ';' wazi, kwa kuwa MQL5 isipoambiwa hutumia tabo. Faili iwe ndani ya MQL5\Files, la sivyo utapata 5004.

Mwisho ni umeme. Ukikatika, SL iliyokwisha tumwa inabaki kwenye seva, lakini SL inayosogezwa na kodi yako inasimama papo hapo. Umeme ukirudi, vigezo vyote vya kodi (variables) vinaanza upya, na roboti iliyohesabu nafasi zake, yaani biashara zilizo wazi, kwa kigezo cha kawaida itafungua nyingine juu ya ile iliyopo. Kabla ya kila oda, zungukia nafasi zote kwa PositionsTotal, chukua kila moja kwa PositionGetTicket, ulinganishe POSITION_MAGIC (namba ya roboti yako) na POSITION_SYMBOL (alama yake) na zile unazotarajia. Unachotaka kukumbuka, kihifadhi kwa GlobalVariableSet. Kinadumu wiki nne tangu kilipoguswa mara ya mwisho. Lakini MetaTrader huviandika kwenye diski inapofungwa vizuri, na umeme haupigi hodi. Ongeza GlobalVariablesFlush() baada ya kila badiliko, kisha jaribu kwenye akaunti ya demo: zima kompyuta kwa nguvu huku nafasi iko wazi, iwashe tena, uone kama roboti inaitambua nafasi yake.