Kwa nini 40, na kwa nini saa mbili? Kutetea muda unaouomba kwenye darubini kubwa

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu katika elimu ya anga. Muhula uliopita niliomba usiku nane kwenye darubini ya VLT ili nichukue spektra za kwazari 40 (viini ang'avu mno vya galaksi za mbali), kila moja saa mbili. Ombi limekataliwa. Maoni ya jopo yalikuwa mistari miwili tu: swali la kisayansi linavutia, lakini idadi ya kwazari na muda wa kila moja havijatetewa. Sielewi nilipokosea, maana saa zote niliziandika na jedwali la kwazari niliweka. Nimekuambatishia ombi lenyewe. Nifanyeje safari ijayo? Na je, yawezekana wamenikataa kwa sababu chuo changu hakijulikani?

Jibu: Marahaba. Nimelisoma ombi lako mara mbili, na kwanza nikutoe hofu: hayo ni maoni mazuri kuyapata. Jopo limeridhika na swali lako, na hapo ndipo waombaji wengi wanapoangukia. Kilichobaki ni hesabu, na hesabu inarekebishika.

Usilichukulie kukataliwa kuwa hukumu juu ya uwezo wako. Katika mzunguko wa nne wa darubini ya angani ya James Webb, ambao maombi yake yalifungwa Oktoba 2024, yalipokelewa maombi 2,377 yakitaka jumla ya saa 78,000 hivi, karibu mara tisa ya muda uliokuwepo. Ushindani wa darubini kubwa za ardhini si mkali kiasi hicho, lakini hata huko kazi nzuri hurudishwa kila muhula. Jopo likiwa na maombi mengi mazuri kuliko usiku uliopo, hutafuta sababu ya kuliweka moja kando. Wewe uliwapa sababu hiyo: uliandika saa, hukuonyesha zimetoka wapi.

Tuanze na 40. Kwa nini si 20? Kwa nini si 100? Nimetafuta jibu kwenye kurasa zako zote sikulipata, na nadhani ni kwa sababu 40 ndizo ulizozikuta kwenye orodha. Sasa fanya hesabu kinyumenyume, kuanzia kwenye swali. Umeandika kwamba kuna nadharia mbili: moja inatabiri kuwa takriban nusu ya kwazari za aina hii zitaonyesha upepo wa gesi unaotoka katikati, nyingine inasema ni moja tu katika kumi. Hilo ndilo pengo unalotakiwa kulipima: asilimia 50 dhidi ya asilimia 10, tofauti ya pointi 40. Kosa la uwiano unaopimwa kwa sampuli hupatikana kwa kuchukua p, yaani uwiano wenyewe, mara (1−p), kugawa kwa idadi ya sampuli, kisha kutafuta mzizi wa pili. Weka p kuwa 0.5, ambapo kosa huwa kubwa kuliko kwingine kote. Ukiwa na kwazari 5, kosa ni pointi 22, kwa hiyo pengo lako halifiki hata mara mbili ya kosa na hutamshawishi mtu. Ukiwa na 25, kosa ni pointi 10, na pengo ni mara nne ya kosa. Ukiwa na 40, kosa linashuka hadi pointi 8 tu. Kwazari 15 za ziada zimekununulia pointi mbili ambazo swali lako halizihitaji.

Kwa hiyo andika 25, na uweke hesabu hii kwenye ombi kwa sentensi tatu. Mtathmini akiiona, swali la "kwa nini" halimjii tena.

Tuje kwenye saa mbili. Spektra ni mwanga uliotawanywa kwa rangi, na ubora wake hupimwa kwa uwiano wa ishara kwa kelele. Kwa kitu hafifu, uwiano huo hukua kwa mzizi wa pili wa muda: ukitaka uwe mara mbili, ulipe muda mara nne. Nimeingiza mwangaza wa kwazari yako ya kati kwenye kikokotoo cha muda cha kifaa ulichokichagua (ESO, shirika la Ulaya linaloendesha VLT, wanacho kwa kila kifaa, kipo wazi mtandaoni na hakihitaji ruhusa ya mtu). Dakika 15 zinakupa uwiano wa 10 hivi. Saa moja inakupa 20. Saa zako mbili zingekupa 28.

Je, unahitaji 28? Gesi unayoitafuta inakimbia kwa maelfu ya kilomita kwa sekunde, na kwa kasi hiyo bonde inalochimba kwenye spektra kwa kumeza mwanga ni pana sana, si ufa mwembamba. Bonde pana huonekana hata kwenye spektra yenye kelele, kwa sababu unaweza kujumlisha pikseli nyingi za jirani. Uwiano wa 10 unakutosha. Ungekuwa unapima kemia ya gesi hiyo kwa mistari myembamba, ningekushauri tofauti kabisa, na pengine saa mbili zingekuwa chache.

Kuna jambo jingine ambalo jopo halikuliandika, lakini nina hakika kuna mjumbe aliyeliona. Kwazari 40 mara saa mbili ni saa 80. Usiku nane wa saa 10 ni saa 80. Hukubakiza hata dakika moja ya kuigeuza darubini, kuipata nyota ya kuongozea, kukiweka kitu chako sawasawa kwenye mwanya wa spektrografu na kukisoma kigunduzi. Kazi hizo hurudiwa kwa kila lengo na huhesabiwa ndani ya muda unaopewa. Mwongozo wa kifaa hutaja kila moja huchukua dakika ngapi. Tuseme kwa mpangilio wako jumla ni dakika 12. Ukijumlisha na zile 15 za mwanga, kila kwazari inahitaji dakika 27, na kwazari 25 ni saa 11 na robo.

Kutoka 80 hadi 11 na robo. Usidhani nakufundisha kuomba kidogo ili upenye. Swali lingehitaji saa 80 ningekuambia uombe 80 na uzitetee, maana mwombaji anayejipunja naye hukataliwa: jopo halitaki kutoa usiku mmoja usiomaliza kitu.

Ila nina furaha na hizi dakika 27 kwa sababu nyingine pia. VLT, zile darubini nne za mita 8.2 huko Paranal, Chile, hufanya sehemu kubwa ya kazi bila wewe kuwepo. Ombi likikubaliwa katika awamu ya kwanza, awamu ya pili unaandaa maelekezo ya kila lengo kwa vipande, na wanaastronomia wa kituo wanavitekeleza hali ya hewa uliyoitaja inapopatikana. Kipande kwa kawaida hakitakiwi kuzidi saa moja. Vipande vyako vya saa mbili vingelazimika kukatwakatwa. Vya dakika 27 huingia popote usiku unapokuwa na nafasi. Hata kwenye masharti ya hewa na Mwezi usijifunge bure. Uliomba usiku wa giza, wakati wa mwezi mwandamo. Lakini mabonde yako yanaangukia upande wa mwanga mwekundu, ambako mbalamwezi haisumbui kama kwenye buluu. Usiku wa giza unagombewa na kila anayetafuta galaksi hafifu. Rudisha hesabu kwenye kikokotoo ukiweka nusu Mwezi, uone unapoteza nini. Nimeijaribu mimi: ni kidogo mno.

Sasa jedwali lako, na hapa nakuomba uwe makini kuliko kote. Uliomba muhula wa Aprili hadi Septemba. Kwazari 11 kati ya 40 ziko kwenye RA (longitudo ya anga, inayohesabiwa kwa saa) ya saa 4 hadi 6. Mwishoni mwa Mei na mwezi Juni, Jua lenyewe liko kwenye RA hizo. Kwazari hizo ziko juu mchana kweupe, na huanza kupatikana kwa taabu kuelekea alfajiri muhula unapokaribia kwisha. Nyingine moja iko kwenye dekilinesheni (latitudo ya anga) ya nyuzi +62. Paranal iko karibu nyuzi 24.6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kitu hicho hakipandi zaidi ya nyuzi tatu na kidogo juu ya upeo wa macho. Hakuna darubini kubwa itakayoinamishwa hadi huko. Mtathmini mzoefu huangalia safu mbili za koordineti kabla ya kusoma maelezo, na akikuta lengo kama hilo anaanza kutilia shaka mengine yote. Ziondoe hizo 12, utabaki na 28. Chagua 25, tatu ziwe akiba.

Ukiwaza kupeleka ombi kwenye darubini nyingine, usiinakili hesabu hii. SALT huko Sutherland, Afrika Kusini, ina kioo cha vipande 91 kilichoinamishwa nyuzi 37 kutoka utosini mwa anga, na mwinamo huo haubadiliki. Wakati wa kukitazama kitu, kioo hakisogei. Ni vifaa vilivyo juu yake vinavyokifuata kitu kinapopita, kwa muda mfupi. Huko swali la kwanza ni kila kwazari inapita kwenye eneo hilo lini na kwa dakika ngapi. Na muda wake hugawanywa kwa wabia, kwa hiyo unahitaji mtu wa taasisi mbia ndani ya kundi lako.

Kabla ya kutuma, pekua hifadhi za data. Spektra zilizochukuliwa VLT kwa kawaida hubaki za mwombaji kwa mwaka mmoja, kisha hufunguliwa kwa kila mtu. Ukikuta kwazari zako tatu zimeshachukuliwa, usizifiche: zionyeshe. Mchoro wa spektra halisi wenye bonde lililoonekana kwa uwiano wa 10 utatetea hoja yako kuliko aya nzima.

Kuhusu chuo chako, siamini kuwa ndicho kilichokuangusha. ESO hupokea maombi kutoka popote duniani, ingawa kundi linalotoka nje ya nchi wanachama lina masharti ya ziada ya kuyasoma vizuri. Zaidi ya hayo, siku hizi ESO huwapa watathmini ombi lisilo na majina. Darubini ya angani ya Hubble ilianza utaratibu huo mwaka 2018, na katika mzunguko huo wa kwanza maombi yaliyoongozwa na wanawake yalikubaliwa kwa asilimia 8.7 dhidi ya 8.0 ya wanaume, baada ya miaka mingi ya wanaume kuwa mbele. Utaratibu huo unakulinda wewe pia, lakini unakudai. Ukurasa wako wa pili unasema "kama tulivyoonyesha katika kazi yetu ya awali", kisha unataja rejeo. Hapo umejitaja. Andika "kazi ya awali imeonyesha" na uweke namba ya rejeo, basi.

Kumbuka pia kwamba msomaji wako huenda si mtu wa kwazari. ALMA, darubini ya redio yenye antena 66 kwenye uwanda wa Chajnantor huko Chile, maombi yake mengi sasa husomwa na waombaji wenyewe, kila kundi likisoma maombi 10 ya wenzao, na ESO nao wanatumia utaratibu wa aina hiyo. Aya yako ya kwanza ina vifupisho saba. Mtu anayesoma sayari atachoka kwenye cha tatu. Ianzishe na zile nadharia mbili na pengo la pointi 40, kwa sababu hilo analielewa yeyote.

Na usikimbilie muda wa mkurugenzi, yaani ule anaougawa mkuu wa darubini mwenyewe, kama njia ya mkato. Ni kweli Robert Williams, mkurugenzi wa taasisi ya sayansi ya Hubble wakati huo, aliutumia wake mwaka 1995 kuielekeza Hubble kwa siku 10 kwenye kipande cha anga kilichoonekana kitupu, na galaksi zipatazo 3,000 zikajitokeza. Lakini anayeuomba kutoka nje hutakiwa kueleza kwa nini kazi yake haiwezi kusubiri mzunguko wa kawaida. Kwazari zako zitakuwepo muhula ujao.

Andika upya ukurasa wa kwanza na jedwali tu, kisha unitumie. Nitausoma kabla hujalifunga ombi.